Fahali Wawili, Pesa za Mmoja: Jinsi ya Kuchagua Mashine ya Kupiga Gari Polishi

Mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili aliponiambia niandike makala ya maelezo juu ya jambo ninalolijua vizuri, niliwaza na kuwazua. Wenzangu wamekwisha kuandika juu ya mazingira, juu ya dawa za kulevya na juu ya umuhimu wa lugha yetu. Mimi nitaandika juu ya mashine ya kupiga gari polishi. Tafadhali usicheke. Mashine hiyo, au tuseme kukosekana kwake, ilininyima chakula cha mchana kwa majuma matatu, na mtu hawezi kuwatazama wenzake wakila githeri siku kumi na tano bila ya kujifunza kitu.

Mambo yalianza hivi. Mjomba wangu, ndugu yake mama, ana kibanda cha mabati hapa Malinya, kando ya barabara. Anaosha magari, ananyoosha bodi zilizobonyea na kupiga rangi. Ndiye anayenilipia pesa za chakula cha shuleni. Jumamosi moja ya muhula wa pili, alfajiri na mapema, fahali walikuwa wakipelekwa uwanjani kupigana. Wewe ambaye si mwenyeji wa huku fahamu kwamba fahali wetu hupigana asubuhi, jua lisije likawachosha, na hupelekwa kwa ngoma ya isukuti, ile ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Siku kama hiyo magari huwa mengi Malinya. Basi akaja bwana mmoja na Toyota Premio nyeusi tititi. Shida yake ilikuwa moja. Gari lilipopigwa na jua lilionyesha mikwaruzo midogo midogo iliyozunguka kama utando wa buibui. Naye saa nne alitakiwa awe upande wa Khayega kwa wakwe zake watarajiwa kupeleka mahari.

Mjomba hakuwa na mashine ya polishi. Alikuwa na grainda ya kukatia vyuma. Akaifunga pedi ya sufu, akamwaga kompaundi kwenye boneti, akaniambia, "Itafanya tu, shika waya." Nikashika waya. Grainda ikanguruma kama simba aliyekanyagwa mkia. Kompaundi iliruka hadi kwenye shati langu la shule (nami sina mawili). Kabla sijamaliza kujipangusa nikasikia harufu kama ya plastiki iliyoanguka jikoni. Mjomba alipoinua mashine, palikuwa na doa la kijivu katikati ya weusi ule, upana wa kisosi. Rangi ilikuwa imekwisha. Ile ilikuwa praima inatuchungulia.

Yule bwana hakupiga kelele, na afadhali angalipiga. Alitazama boneti, akatazama saa, akaingia garini akaenda kutoa mahari na doa lake. Jumatatu alirudi, na mjomba akaipiga rangi boneti nzima kwa gharama yake mwenyewe: praima, rangi, klia, thina, msasa, vyote. Huko ndiko zilikokwenda pesa zangu za githeri. Mimi nililia kama lile Jiwe la Ilesi, ila machozi yangu hayakuja kutazamwa na watalii.

Baada ya miezi miwili zamu ya mjomba katika chama chake cha kuchangiana ilifika, akapokea shilingi 16,000. Akaniita. "Wewe si unasoma fizikia? Basi nenda ukaulize, ukasome, halafu uniambie ninunue mashine gani. Nikichoma gari la pili nitarudi kulima." Huo ndio mtihani nilioufanya mwaka huu nje ya ile ya darasani, na majibu yake ndiyo haya.

Kwanza lazima tujue polishi hufanya nini, maana wengi wetu, hata mimi zamani, tunadhani ni kama Kiwi ya viatu. Kiwi hupakwa juu, huziba mipasuko na hung'aa. Vitu vya aina hiyo vipo kwa magari pia, na kazi yake ni kulinda na kuficha. Lakini mikwaruzo iliyofichwa hurudi mvua ikinyesha mara mbili tatu. Kompaundi ni kitu kingine kabisa. Ndani yake mna chembechembe ngumu, ndogo mno, zinazokula rangi. Mkwaruzo ni bonde. Kompaundi haijazi bonde, inashusha milima ya kando mpaka ilingane na bonde. Kwa hiyo kila gari linapopigwa polishi linapunguzwa. Nilipolielewa jambo hili nilikaa kimya kwa muda, kwani nilikuwa nimeona watu wakilipa kila mwezi gari "liongezwe" mng'ao.

Sasa tupime kilichopo cha kupunguza. Gari la kisasa lina tabaka la praima juu ya bati, kisha rangi yenyewe, kisha klia, ambayo ni kama kioo kinachoifunika rangi. Yote pamoja, likitoka kiwandani, kwa kawaida huwa baina ya maikroni 100 na 150. Maikroni ni milimita moja iliyogawanywa mara elfu. Chukua ukurasa mmoja wa daftari lako uushike kwa vidole. Unene wake unakaribia maikroni 100. Ndio unene wa nguo yote ya gari! Klia peke yake huwa maikroni 40 au 50 hivi, hata unywele wa kichwa chako kwa kawaida ni mnene zaidi. Na mikwaruzo tunayoiondoa imo ndani ya hiyo klia. Ukucha ukikwama katika mkwaruzo unapopitisha kidole, jua umekwenda chini mno. Huo uache au upake rangi, usiufuate kwa mashine.

Huku kwetu kuna balaa la pili. Magari mengi yanayopita Malinya yaliletwa Kenya yakiwa yamekwisha kutumika Japani. Sheria yetu inataka gari linaloingizwa lisizidi umri wa miaka minane, nayo miaka minane si haba. Pengine lilipigwa polishi huko, likapigwa tena Mombasa ili livutie mnunuzi, likapigwa tena na huyo mnunuzi. Sisi tunalipata klia imebaki kiasi gani? Kuna kipimo kidogo kinachowekwa juu ya bati kikasoma unene wa rangi. Kibandani kwetu hakipo. Mjomba hupima kwa macho, na macho hayasomi maikroni.

Mikwaruzo yenyewe, kwa taarifa yako, mingi tunaileta sisi waoshaji. Vumbi letu jekundu likikauka juu ya gari halafu mtu akalipangusa kwa kitambaa kikavu, au akaosha gari zima kwa ndoo moja ambayo maji yake yamekuwa uji, ni kama amelipitishia msasa. Hilo nimelisema haraka kwa sababu linanihusu.

Turudi kwa grainda. Kwa nini ilichoma? Mada ya mwendo wa duara inatungoja kidato cha nne, lakini hesabu yake ni ya mzingo tu, ile tuliyoifanya shule ya msingi. Grainda ya mjomba imeandikwa mizunguko 11,000 kwa dakika. Pedi aliyoifunga ilikuwa na kipenyo cha milimita 125. Zidisha 3.14 kwa 125, unapata kama sentimita 39. Huo ndio mwendo wa ukingo wa pedi katika mzunguko mmoja. Zidisha kwa 11,000, kisha kwa dakika 60. Jibu ni kilomita 259 kwa saa. Matatu zetu tangu sheria za Michuki za mwaka 2004 zinatakiwa zisipite kilomita 80 kwa saa. Mjomba alikuwa akiisugua boneti kwa mwendo wa zaidi ya matatu tatu! Nilipompelekea mwalimu wa fizikia karatasi yangu alitikisa kichwa akasema, "Hesabu nzuri, lakini umesahau kuandika nguvu hiyo ilikwenda wapi." Ilikwenda kuwa joto. Msuguano huzaa joto, na joto hulainisha klia hadi inang'oka badala ya kulika polepole.

Mashine halali za kazi hii ni za aina mbili kubwa, na hapo ndipo fahali wetu wanapoingia uwanjani.

Fahali wa kwanza ni rotari. Kwa sura inafanana na grainda, na ni ndugu yake kweli, lakini huzunguka taratibu na ina kigurudumu cha kuchagulia mwendo. Mfano wake unaojulikana sana ni Makita 9227C, ya kampuni ya Kijapani iliyoanzishwa Nagoya mwaka 1915. Hiyo ina wati 1,200, huzunguka kati ya mara 600 na 3,000 kwa dakika, na uzito wake ni kilo tatu. Weka pedi ya milimita 180. Katika mizunguko 600 ukingo unakwenda kilomita 20 kwa saa, mwendo wa baiskeli. Katika mizunguko 1,200 ni kilomita 40. Ukifungulia 3,000 unapita 100, na huko hakuna sababu ya kwenda. Rotari huzunguka mahali pamoja kwa mhimili mmoja, na ukiigandamiza haikatai, inaendelea tu. Kwa hiyo inakula upesi kuliko zote. Gari lililopigwa rangi upya na kusuguliwa kwa msasa wa maji namba 2000 hurudi kung'aa kwa dakika chache. Mafundi wa zamani waliikulia hiyo na wengine wanaweza kuichezesha kama kalamu.

Lakini ina tabia mbili mbaya. Ya kwanza ni hilo joto: ukisimama mahali pamoja, au ukigusa ukingo wa mlango au mkunjo wa boneti, ambapo rangi huwa nyembamba, unachoma. Bampa za plastiki ni mbaya zaidi, maana bati husambaza joto na plastiki hulishika papo hapo. Ya pili ni ujanja. Fundi mchanga akimaliza kazi yake kivulini, gari hung'aa ajabu. Mwenye gari akilitoa juani anaona mawimbi ya duara yakimfuata kila anaposogea. Mashine imeondoa mikwaruzo ya kitambaa, ikaweka yake.

Fahali wa pili mafundi wengi wa huku hawamjui sana, nami namwita mashine ya mizunguko miwili. Kumbuka Jiografia ya kidato cha kwanza. Dunia huzunguka kwenye mhimili wake, na wakati huohuo huzunguka jua. Pedi ya mashine hii hufanya vivyo hivyo. Inazunguka yenyewe polepole, na huku kitovu chake kinachora kiduara kidogo upesi sana. Kwa hiyo hakuna chembe ya kompaundi inayorudia njia ileile mfululizo, na ndiyo sababu mawimbi yale ya duara hayaonekani kirahisi.

Upana wa kile kiduara ndio wa kuulizia dukani, wala si wati. Za kawaida ni milimita 8, 15 na 21. Nilipiga hesabu tena. Mashine ya milimita 15 inayochora viduara 4,800 kwa dakika, kitovu chake kinakwenda kilomita 13.6 kwa saa tu. Ya milimita 8 ni kilomita 7. Ya 21 ni 19. Linganisha na zile 259! Kiduara kidogo ni kitulivu, rahisi kushika pembeni na sehemu zilizopinda, ila kinachukua muda. Kikubwa kinamaliza boneti na paa upesi, lakini kwenye mkunjo wa madigadi kinarukaruka. Kampuni ya RUPES ya Italia, iliyoanza mwaka 1947, ndiyo iliyozipa umaarufu mashine za viduara vikubwa vya 15 na 21. Bei yake lakini! Mjomba alipoisikia aliuliza kama inakuja na gari.

Jambo lililonipendeza zaidi katika mashine hii ni udhaifu wake. Pedi yake haikufungwa kwa giya. Inazunguka kwa hiari, kwa msukumo wa kile kiduara. Ukiigandamiza mno, au ukiilaza vibaya kwenye ukingo, pedi inaacha kuzunguka na inabaki kutetemeka tu. Haiwezi tena kula rangi kwa nguvu. Kwa fundi mwenye haraka hilo linaudhi. Kwa mtu anayejifunza, ni kama punda anayesimama mwenyewe akiona shimo. Ipo pia chotara, mashine ya mizunguko miwili iliyotiwa giya ili isisimame, kama FLEX XC 3401 ya Ujerumani yenye kiduara cha milimita 8. Hiyo ina nguvu kama rotari na mawimbi haba, ila inatingishika sana mikononi, na tena haimsamehe anayekosea. (Kampuni ya FLEX ilianza mwaka 1922, na Wajerumani wamezoea kuiita grainda yoyote "Flex", kama sisi tunavyoita kila sabuni ya unga Omo.)

Hapo tukaanza kubishana, mimi na mjomba. Yeye alimtaka rotari. Akaniambia, "Mchagua jembe si mkulima. Mimi ninapiga rangi. Nikisugua kwa msasa nataka kitu kinachokata, si kitu cha kutetemeka." Na ukweli ni kwamba alikuwa na hoja. Rangi aliyoipiga mwenyewe anaujua unene wake, na anaweza kuongeza koti la klia akijua atalipunguza. Kwa kazi hiyo rotari ni bingwa, sikatai.

Nami nikafungua daftari lake la wateja. Nilihesabu kurasa za muhula mzima. Waliokuja kupiga rangi walikuwa tisa. Waliokuja kuosha na kuuliza "hamuwezi kuondoa hii mikwaruzo?" mjomba hakuwaandika, lakini sote wawili tulijua ni wengi kuliko tisa, na wote tuliwarudisha. Hao ndio wenye klia nyembamba isiyojulikana. Halafu nikamwuliza, "Mjomba, mashine hii ni nani atakayeishika?" Akacheka kidogo. Mikono ya kibandani ni mitatu: yeye, kijana mmoja mwanafunzi wake, na mimi wakati wa likizo. Wawili kati ya watatu hatujawahi kushika kitu kama hicho. Fahali wawili hawakai zizi moja, na pesa zilikuwa za mmoja. Nikamwomba amchukue yule anayesimama akigandamizwa.

Hakujibu siku hiyo. Jumamosi iliyofuata akaniambia nivae viatu, tunakwenda Kisumu.

Nitakueleza tuliyoyaona madukani kwa sababu huko ndiko watu wanakoibiwa mchana kweupe. Duka la kwanza muuzaji alitusifia wati. Kila tukiuliza kitu anajibu wati. Wati ni stima inayokunywewa, si kazi inayofanywa. Mashine ya wati 1,200 ikifanya kazi nusu saa kwa nguvu zake zote inameza yuniti 0.6 ya tokeni zako, basi. Cha maana ni kama mwendo wake haushuki pedi inapogandamizwa kidogo, na kama inaanza polepole badala ya kuruka na kukurushia kompaundi usoni. Omba iwashwe. Muuzaji akikataa kuiwasha, ondoka.

Duka la pili palikuwa na mashine kuukuu nzuri ya Kimarekani, bei ya kutupa. Mjomba alikwisha kutoa mkono mfukoni. Nikaigeuza nikasoma kibati chake: volti 120. Stima yetu Kenya ni volti 240. Ingewaka mara moja, ikatoa moshi, ikalala usingizi wa milele, isipokuwa tununue na transfoma ya kuishushia stima. Mjomba alirudisha mkono mfukoni bila ya kusema neno, lakini alininunulia soda.

La tatu walitupa kitu kilichofanana kabisa na tunachotaka, kumbe ni mashine ya kupigia msasa mbao na bodi. Dalili yake ni matundu kwenye sahani ya kufyonzea vumbi, na kiduara chake huwa cha milimita chache tu, kama 2.5 hadi 5. Itapaka polishi, ndiyo, lakini mikwaruzo itaizeesha kabla haijaiondoa. Uliza pia kama karboni za mota zinapatikana, kwa maana hizo huisha kama kalamu ya risasi inavyoisha. Ukinunua rotari tazama parafujo ya mhimili wake. Nyingi za huku ni za milimita 14, na sahani za pedi za kipimo hicho zimejaa madukani. Ukiwa na parafujo ya Kimarekani utazitafuta hadi uzeeke. Na usiisahau alama ya KEBS, ingawa nayo pia watu hughushi.

Tuliipata katika duka la nne. Ina kiduara cha milimita 15, sahani ya 125, volti 220 hadi 240, waya mrefu. Jina lake ni la Kichina ambalo sijui kulitamka. Bei shilingi 11,500 baada ya mjomba kubembeleza karibu saa nzima. Zilizobaki hatukula. Tulinunua pedi tatu za sponji, moja ngumu ya kukata, moja ya kati na moja laini ya kumalizia, pamoja na chupa mbili za dawa, kali na laini. Hili ni kosa ambalo nusura tulifanye: kumaliza pesa zote kwa mashine. Mashine isiyo na pedi ni kama fahali asiye na pembe. Pedi moja haitoshi gari zima kwa sababu hujaa uchafu na joto, inabidi ibadilishwe na kuoshwa.

Gari la kwanza tulilolishika lilikuwa pikapu kuukuu la jirani, buluu, na tulijaribu kwanza mahali padogo penye mlango wa nyuma kwa kitambaa na kompaundi. Kitambaa kikatoka cha buluu. Maana yake halikuwa na klia, tulikuwa tunakula rangi yenyewe. Tulitumia pedi laini na dawa laini, pedi ikawa ya buluu na pikapu likang'aa. Mtu asiyejua angeona pedi ile akadhani ameharibu. Kando za milango na mikunjo tulibandika tepu ya karatasi. Baada ya kila sehemu mjomba aliweka nyuma ya mkono wake juu ya bati, kama mama anavyompima mtoto homa. Palikuwa na uvuguvugu tu.

Sisemi tumemaliza shida zote. Mwezi uliopita mjomba alipiga boneti rangi, akaisugua kwa msasa, na mashine yetu ilichukua muda mrefu sana kuondoa alama zile. Alinung'unika mpaka jioni, na najua zamu ya chama ikifika tena atamtafuta rotari. Sitambishia. Stima nayo hupotea, kisha jioni inarudi hafifu, mashine inaimba kwa sauti ya mgonjwa, na inabidi tungoje.

Yule bwana wa Premio nyeusi alirudi mwezi wa nane. Mimi nilimwona kwanza, nikatamani kujificha nyuma ya tangi la maji. Mahari ilipokelewa, alisema, na wakwe walimcheka boneti yake. Sasa alitaka milango iliyobaki iondolewe ule utando wa buibui ilingane na boneti mpya. Mjomba alinyamaza kwa muda. Kisha akachukua kalamu ya wino mzito, akachora mstari mweusi pembeni mwa sahani ya mashine, ili tuuone ukizunguka, akanipa mimi mashine. Si yeye, mimi!

Niliiweka kwenye mlango, nikawasha, mstari ukazunguka taratibu kama mkono wa saa wenye haraka. Mikono ilinitetemeka. Bila ya kujua nikagandamiza. Mstari ukasimama tuli, mashine ikabaki kutetemeka pamoja nami.

"Imegoma," nikasema.

"Inua kidogo," akasema mjomba. Nikainua kidogo. Mstari ukaanza tena kuzunguka, na mwenye gari, aliyekuwa amesimama nyuma yetu muda wote huo mikono kichwani, akaishusha.